Kopo la viungo, simu moja na kiingilio cha 280,000

Swali la msomaji:

"Shikamoo dada. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Chamazi, nafundisha chekechea ya mtu binafsi kwa mshahara wa 250,000. Nina akiba ya 350,000 niliyoipata kwenye mchezo wa kina mama. Nataka kuanza biashara ya mtandaoni nikiwa nyumbani, nifikie uhuru wa kifedha na niache kazi. Kuna rafiki yangu ananiita kwenye kampuni moja, kiingilio ni 280,000, halafu unalipwa kwa kila mtu unayemwingiza. Upande mwingine najua kutengeneza viungo vya pilau na vya chai, nilifundishwa na bibi Tanga. Majirani wananiungisha, kopo la gramu 100 nawauzia 3,500 na faida naiona. Nichague lipi, na nianzie wapi? Na je, ni lazima nioneshe sura yangu? Mume wangu hapendi."

Marahaba mdogo wangu. Nianze na kiingilio, maana hicho ndicho kinachoweza kukuondolea akiba yako kabla hujafika mwisho wa jibu hili.

Usiitoe hiyo 280,000. Kampuni hiyo siijui kwa jina, lakini maneno yako mwenyewe yameshanitosha: unalipwa kwa kila unayemwingiza. Hujaniambia kampuni inauza nini, na nadhani hata rafiki yako hajui. Tufanye kila anayeingia analeta watatu tu. Hatua ya kwanza ni watu 3, ya pili 9, ya tatu 27, inaonekana kitu chepesi. Ukifika hatua ya kumi na sita na ukawajumlisha wote walioingia, wamepita milioni 64. Sensa ya 2022 ilitukuta Watanzania milioni 61.7, ukihesabu na vichanga. Kwa hiyo mahali fulani kwenye ngazi hiyo kuna watu wengi kupita wote waliotangulia ambao hawatapata wa kumwingiza, na fedha zilizowalipa wa juu ni zao. Walioishi mjini mwaka 2009 hawajaisahau DECI, ule mchezo wa upatu. Watu "walipanda mbegu" wakingoja "kuvuna", majina matamu kweli, mpaka Serikali ilipoisimamisha na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Siku hizi shamba limehamia kwenye simu na mbegu imepewa jina la mafunzo. Rafiki yako huenda si tapeli, anatafuta tu watatu wake ili arudishe hela yake. Mwambie hapana bila ugomvi.

Na hayo maneno "uhuru wa kifedha" kwa kweli siyapendi. Nimekuwa mhasibu wa biashara ndogo miaka mingi, na ninaowasikia wakiyatamka kila siku ni wale ambao kipato chao kinatokana na kuyatamka. Mimi huwa nauliza hivi: mshahara ukikatika leo, nyumba yako itakula miezi mingapi? Wewe una 350,000. Ukiondoa kodi ya nyumba na ada, pengine ni mwezi mmoja na nusu. Tuzungumzie namna ya kuifanya iwe miezi mitatu, kisha sita. Hilo linahesabika.

Sasa viungo. Unasema faida unaiona. Umeniandikia pia bei unazonunulia Kariakoo, ambazo sikuziweka kwenye swali hapo juu, nimekaa nazo na kikokotoo. Kwa mchanganyiko wako wa pilau wa kilo moja: bizari nyembamba nusu kilo 7,000, mdalasini gramu 200 kwa 2,800, pilipili manga gramu 150 kwa 3,000, iliki gramu 80 kwa 4,800, karafuu gramu 70 kwa 1,750. Jumla 19,350. Wewe umegawa kwa kumi, ukapata 1,935 kwa kopo, ukaongeza kopo tupu 500 na lebo 150, ukaona zinabaki kama 900 na kitu. Ukiuza makopo 80 kwa mwezi, ni zaidi ya 70,000. Kwa karatasi ni biashara.

Lakini kilo moja ya viungo haitoi makopo kumi. Unachambua vijiti na mawe, unaanika, unakaanga kidogo ili vitoe harufu, unasaga, unachekecha, na vumbi jingine linabaki kwenye blenda. Pima mwenyewe wiki hii, nitashangaa ukipata zaidi ya makopo tisa. Basi viungo vya kopo moja si 1,935, ni 2,150. Ongeza kopo na lebo, 650. Umeme wa blenda, weka 50. Safari ya Kariakoo, daladala na bajaji ya kurudi na mzigo, 4,000 kwa kila makopo 40, ni 100. Bando la 20,000 kwa mwezi ukiligawa kwa makopo 80 ni 250. Makato ya kutoa pesa kwa wakala, weka 100. Sasa kopo limekula 3,300. Unauza 3,500. Faida yako ni shilingi 200, na makopo 80 yanakupa 16,000 kwa mwezi, bila kuhesabu hata saa moja ya mikono yako. Ukimpelekea mteja mmoja wa Mbagala Rangi Tatu "deliveri bure" kwa bodaboda ya 2,000, umekula faida ya makopo kumi.

Nimekaa sana hapa kwa sababu naona biashara nyingi za nyumbani zinakufa hapa, na wenyewe hudhani wamerogwa au wateja wamepungua. Wateja wapo. Kila kopo lilikuwa linaondoka na kipande cha mtaji.

Pandisha bei iwe 5,000. Najua umeshtuka. Utasema dukani kuna pakiti ya 1,000. Ipo, na anayeitaka aachwe ainunue, si mteja wako. Wa kwako ni yule aliyechoka na viungo vilivyochakachuliwa, pilipili manga iliyochanganywa na mbegu za mpapai, bizari iliyojaa unga. Unachomuuzia ni uhakika wa mikono yako. Kwa 5,000, gharama ikibaki ileile, kopo linakupa 1,700, na makopo yaleyale 80 yanakupa 136,000. Majirani wawili watatu watanuna. Wape kopo dogo la gramu 50 kwa 2,700 na maisha yaendelee.

Halafu kuna soko ambalo hujalitaja kabisa: wapishi wa shughuli na mama lishe wakubwa. Hawa hawahitaji kopo wala lebo nzuri. Wanataka nusu kilo kwenye mfuko uliofungwa vizuri, kila wiki, na ladha isiyobadilika. Kwako nusu kilo ina gharama ya 10,750 ya viungo na mia chache za mfuko. Muuzie 15,000. Faida kwa gramu ni ndogo kuliko ya kopo, lakini mtu mmoja anachukua kwa mkupuo kile ambacho kina mama watano wangekuchosha kwa kuulizia. Wapishi watatu wa namna hii wana thamani kuliko wafuasi elfu tano wa Instagram.

Bibi yako yuko Tanga? Basi kuna kitu unakiacha. Iliki, mdalasini na pilipili manga hulimwa kwenye milima ya Usambara, huko Amani na Muheza. Bizari nyembamba endelea kuinunua Kariakoo, hiyo kwa sehemu kubwa hutoka nje. Lakini iliki ndiyo ghali kuliko vyote kwa gramu kwenye mchanganyiko wako, na kama kuna ndugu wa kuaminika anayeweza kukununulia kwa mkulima na kuweka mzigo kwenye basi, linganisha bei mara moja uone. Usitume hela nyingi safari ya kwanza. Ndugu ni ndugu, na mzigo wa kwanza ni mtihani wa udugu.

Kwenye zile 350,000 usitumie zote. Nunua mizani ndogo ya jikoni, kama 25,000, hiyo haina mjadala, maana anayepima kwa kijiko hawezi kurudia ladha wala kujua gharama. Viungo, makopo na lebo za makopo 30 ni 84,000. Umefika 109,000. Simu unayo. Taa ya kupigia picha huihitaji, weka kopo mlangoni saa mbili asubuhi, jua likiwa la upande, picha itatosha. Zile 241,000 zinazobaki zikae mahali ambapo kuzitoa kunakuudhi kidogo. Makopo 30 yakiisha ndipo uchukue hela ya makopo hayo kununulia mengine. Mtaji mdogo unaozunguka mara nne kwa mwezi unashinda mtaji mkubwa uliolala kabatini, na viungo vilivyosagwa vikilala vinapoteza harufu. Saga kwa wiki. Masika, kuanika ni kero, kwa hiyo anika na uhifadhi vikavu kabla mvua za Machi hazijaanza. Ramadhani inapokaribia anza kuchukua oda mapema, maana pilau ya Idi hainunuliwi viungo Machi kwa Juni, inanunuliwa siku tatu kabla, na wote kwa pamoja.

Mtandaoni sasa. Watu wakisikia biashara ya mtandaoni wanawaza tovuti na programu za kununulia. Jumia, duka la mtandaoni kubwa kuliko sisi sote, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Kinachouza hapa kwetu ni Status ya WhatsApp, bodaboda na jirani aliyemwambia jirani. Anza hapohapo.

Status ina tabia moja ambayo wengi hawaijui. Inaonekana tu kwa mtu uliyehifadhi namba yake na yeye amehifadhi yako. Ukipost mara ishirini kwa siku na wateja hawajakuhifadhi, unajipigia kelele mwenyewe. Orodha ya matangazo ya WhatsApp nayo inachukua watu 256, na ujumbe haumfikii asiyekuhifadhi. Kwa hiyo kazi yako ya mwezi wa kwanza ni kuhifadhiwa. Kwenye lebo weka namba kubwa kuliko jina. Kila anayenunua mwambie, "Nihifadhi, Ijumaa naweka oda mpya." Fungua WhatsApp ya biashara kwa laini nyingine, ni bure, ina sehemu ya kuweka bidhaa na bei, na inakutenganishia wateja na mama zako wa kitchen party.

Andika bei kwenye picha. Nakusihi. Hii tabia ya "bei njoo DM" siielewi mpaka leo. Mtu anayeuliza bei na kujibiwa baada ya saa tatu ameshapika pilau na viungo vya dukani. Na weka Status jioni, watu wakiwa wametulia na simu. Saa nne asubuhi mwenzako yuko kazini anaipitisha kwa kidole.

Mteja asiyekujua anakuogopa, na ana haki, mtandaoni watu wameibiwa sana. Chamazi, Mbagala na jirani zake, alipe mzigo ukifika mkononi. Ukipata mtu wa Dodoma au Mwanza, alipe kwanza, mzigo uende kwa basi, umtumie picha ya risiti ya mzigo na namba ya gari siku hiyohiyo. Nauli ya mzigo na bodaboda ni juu ya mteja, iandike kando, usiifiche kwenye bei. Na wewe pia jilinde. SMS ya "umepokea" inaweza kughushiwa na mtoto wa shule. Usiachie mzigo mpaka uangalie salio, si ujumbe. Ukiweza chukua Lipa Namba, ile namba ya biashara ya kulipwa kwa simu, inakusaidia kutenganisha hela ya biashara na ya nyumbani, na hili ni kubwa kuliko linavyosikika. Nyumba hula mtaji kimya kimya. Leo mkaa, kesho daftari la mtoto, mwisho wa mwezi unauliza iliki imeenda wapi. Jilipe kiasi fulani kila Jumapili, hata 10,000, kisha usiiguse iliyobaki. Baba watoto akiomba, anaomba kwenye ile 10,000.

Kukopesha, hapana. Nakueleza nikiwa na jeraha. Mwaka 2016 nilianza kuuza madera kwa WhatsApp nikiwa bado nimeajiriwa. Wenzangu ofisini walichukua, "mwisho wa mwezi dada". Mwezi ukaisha, wengine wakalipa nusu, wengine wakaanza kupita korido nyingine wakiniona. Nilikuwa na madera kumi na manane nje na sina hela ya kuchukua mzigo mpya, wakati msimu wa harusi ndiyo kwanza unaanza. Mimi, mhasibu. Mpaka leo kuna mmoja nikikutana naye msibani amevaa dera langu, na salamu zetu ni fupi.

Usiende pia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kukamua, wala hii ya kwenye simu inayotaka ruhusa ya kusoma namba za watu wako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni, na bado watu wanapigiwa shemeji zao kuaibishwa. Ukifikia mahali unahitaji kukua, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Inapitia vikundi, kwa hiyo wale wenzako wa mchezo, kama wanaaminika, wana kazi nyingine ya kufanya. Lakini hilo ni la mwakani.

Karatasi za Serikali zisikutie hofu, na usizikimbie. TIN, namba ya mlipakodi ya Mamlaka ya Mapato (TRA), ni bure. Kwa viwango vilivyoanza 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka halipi kodi ya mapato. Wewe ukiuza makopo 80 kwa 5,000 kila mwezi unafika milioni 4.8, umepita. Hapa ndipo daftari lako linapolipa: mwenye kumbukumbu za mauzo anatozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani 24,000 kwa mwaka. Asiye na kumbukumbu anatozwa 100,000. Daftari la kaunta linauzwa bei gani? Tarehe, kilichouzwa, kiasi, kilicholipwa, basi. Ukikua utaandikisha jina BRELA, wasajili wa biashara, na kukata leseni ya biashara manispaa. Na kwa kuwa ni chakula, ujue kuwa tangu Julai 2019 mambo ya chakula yako Shirika la Viwango (TBS), hata kama watu bado wanasema TFDA, mamlaka ya zamani ya chakula na dawa. Wala usiende moja kwa moja, pitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza. Wana mafunzo ya usindikaji na ufungashaji, na wajasiriamali wadogo wanaopitia kwao hushikwa mkono kwenye safari ya alama ya ubora. Bila hiyo alama, duka kubwa halitakupokea, ila majirani na wapishi wa shughuli hawatakuuliza kwa sasa.

Kazi usiiache. Ili kopo likulipe 250,000 za mshahara, kwa faida ya 1,700 unahitaji makopo 148 kila mwezi, karibu matano kila siku, sikukuu na siku ya homa ya mtoto zikiwemo. Inawezekana, nimeona waliofika, lakini hawakufika kwa miezi mitatu. Na mshahara una kitu usichokiona: kama shule inakuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, nusu ya ule mchango wa asilimia 20 huenda ni ya mwajiri, na ukiondoka itabidi ujichangie yote mwenyewe. Kama haikuchangii, muulize mwenye shule, ni haki yako. Mimi ningeangalia mambo mawili: biashara iwe imekupa faida ya kufikia mshahara miezi sita mfululizo, Ramadhani isihesabiwe, na akiba ya miezi mitatu iwe kando na mtaji. Kabla ya hapo, Jumamosi saga, Jumapili piga picha na fungasha, jioni za wiki peleka. Mume naye apewe kazi, hata ya kubandika lebo. Anayebandika lebo hali mtaji kirahisi.

Kuhusu sura yako: si lazima, na wala mteja wa viungo haimsaidii. Mwoneshe mikono ikichambua iliki, ungo wa mdalasini juani, mizani inasoma gramu 100 kamili, sauti ya kinu kama bado unacho cha bibi. Piga video ya sekunde ishirini ukichekecha, bila muziki. Ukitaka sauti ya mtu isikike, mwombe bibi yako aseme jina la mchanganyiko kwa lafudhi yake ya Kitanga.